Vishikio vya bafuni visivyong'oka

Mtu anapoteleza bafuni hana nafasi ya kuchagua cha kushika. Mkono hukamata kilicho karibu: pazia, bomba la kuogea, ukingo wa sinki, reli ya taulo. Reli ya taulo imefungwa kwa skrubu fupi, za kubeba kitambaa kilicholowa na basi. Mtu mzima akiiangukia hung'oka, na wakati mwingine huja na vipande vya vigae. Kishikio ni chombo kingine kabisa, hata kama ukivitazama toka mlangoni vinafanana.

Kishikio kizuri kilichofungwa ovyo hakina tofauti na hiyo reli. Tena ni hatari zaidi, maana mzee ameambiwa akitegemee. Vishikio vingi vinavyoshindwa havivunjiki: bomba la kishikio hubaki zima bila hata kupinda. Kinachoachia ni skrubu ndani ya ukuta. Au kishikio kimesimama imara lakini pasipofaa, nusu hatua mbali na mkono unaokitafuta. Ndiyo maana sehemu kubwa ya makala hii inahusu mwili wa mtumiaji na ukuta wa bafu. Kununua chenyewe ni kazi nyepesi.

Mwili kwanza

Usianze na drili. Anza na mtumiaji mwenyewe, bafu likiwa kavu, yeye akiwa na nguo zake na amevaa kandambili zile zile anazoogea nazo. Mwombe afanye kila tendo kama anavyolifanya siku zote: aingie, avuke kizingiti, aketi chooni, ainuke, ageuke, atoke. Simama karibu vya kutosha kumdaka, na tazama mikono yake. Kila mahali mkono unapogusa ukuta, bandika kipande cha tepu ya karatasi. Rudia asubuhi na jioni, maana viungo vilivyokaza alfajiri na miguu iliyochoka usiku haviombi msaada mahali pamoja. Baada ya siku mbili tatu utaona tepu zimerundikana sehemu chache. Hapo ndipo pa vishikio, na mara nyingi si pale ambapo ungepachagua kwa kuutazama ukuta mtupu.

Wazee wengi huona haya kufanya zoezi hili mbele ya watu, na wana haki. Bafu ni mahali pa faragha. Mweleze mapema unachotaka kupima na kwa nini, na asimamiwe na mtu anayemridhia. Kama mama hataki mwanawe wa kiume asimame pale, basi binti au jirani anayemwamini abandike tepu, na fundi aje baadaye.

Kisha tofautisha anayejisukuma na anayejivuta. Anayejisukuma kuinuka anahitaji kishikio cha mlalo, pembeni yake, anapoweza kulaza kiganja au hata mkono mzima kuanzia kiwiko. Mara nyingi huyu ana vidole vyenye maumivu na hawezi kukaza ngumi. Anayejivuta anahitaji cha wima, mbele yake kidogo. Cha wima ndicho pia kinachofaa mlangoni na kwenye kizingiti, kwa sababu mkono unaweza kupanda na kushuka juu yake bila kuachia wakati mguu unanyanyuliwa. Ncha yake ya chini iwe karibu na usawa wa nyonga na ya juu karibu na bega. Kwa watu wengi kishikio cha milimita 600 kinatosha.

Kishikio cha mshazari hupendwa kwa kuwa kinaonekana kufanya kazi zote mbili. Kwa anayeinuka kutoka kitini kinasaidia kweli, mkono hupanda nacho. Lakini mkono wenye sabuni huteleza kuelekea chini, kwa hiyo ndani ya eneo la kuogea ningefunga cha wima na cha mlalo, kila kimoja kwa kazi yake.

Vipimo vinavyonukuliwa sana ni vile vya Marekani vya mwaka 2010 kuhusu majengo yanayofikika kwa watu wenye ulemavu. Vinataka kishikio cha mlalo kiwe kati ya milimita 840 na 915 kutoka sakafuni, bomba liwe na kipenyo cha milimita 32 hadi 51, na nafasi kati ya bomba na ukuta iwe milimita 38. Hiyo 38 ina sababu: vidole vinapita bila kukwaruzwa, lakini mkono wa mtu anayeanguka hauwezi kuzama hadi kiwiko na kuvunjikia humo. Kuhusu urefu kutoka sakafuni, usinakili tu. Vipimo vile vimewekwa kwa majengo ya umma, na vinawafaa hasa wanaohama kutoka kiti cha magurudumu. Mama mfupi anayejisukuma kwa mikono dhaifu atakiona kishikio kipo juu mno, mabega yakipanda masikioni badala ya kumsaidia. Nyumbani, mketishe chooni, akunje kiwiko kidogo, ashushe kiganja kama anayeegemea meza. Usawa huo ndio wake. Mara nyingi hutua milimita 200 hadi 250 juu ya kiti cha choo. Na kishikio kifike mbele ya ukingo wa choo, kisiishie nyuma yake, kwa sababu mwili unaoinuka hutangulia mbele kabla ya kwenda juu.

Aliyedhoofika upande mmoja baada ya kiharusi afungiwe upande wa mkono wenye nguvu. Linasemwa kirahisi, ila lina mtego: ukuta uliokuwa kulia wakati wa kuingia huwa kushoto wakati wa kutoka. Mtu huyu akifungiwa kishikio kimoja tu kwenye kizingiti, ataingia salama na kutoka bila msaada. Anahitaji viwili, kila upande kimoja, au kimoja kilichowekwa anapoweza kukishika akitoka kinyumenyume.

Kwenye hodhi la kuogea, weka cha wima pale mguu unapovukia ukingo, na cha mlalo kwenye ukuta mrefu, milimita 205 hadi 255 juu ya ukingo wa hodhi, cha kumsaidia anayeketi chini na kuinuka. Kwa choo cha kuchuchumaa mambo hubadilika: mtu huanzia chini sana na hujivuta, kwa hiyo kishikio kirefu cha wima mbele au pembeni, kuanzia usawa wa goti lake akiwa amechuchumaa hadi kifua akiwa amesimama, kinafaa kuliko cha mlalo. Huvutwa kutoka ukutani kwa uzito karibu wote wa mwili, basi ukuta wake uwe imara kuliko wote.

Kwa nini skrubu ya juu ndiyo inayong'oka

Ungedhani mtu akiegemea kishikio skrubu zinasukumwa chini tu. Sivyo. Chukua bomba la kipenyo cha milimita 32 lililo milimita 38 kutoka ukutani: katikati yake ni milimita 54 kutoka ukutani. Kitako chake, yaani bamba la duara linalokaa ukutani na kupitisha skrubu, tuseme la milimita 80, hujaribu kubingirika kwenye ukingo wake wa chini, na skrubu ya juu iliyo karibu milimita 67 kutoka ukingo huo ndiyo inayokizuia. Mzigo wa kilo 100 ulioegemea mwisho huo wa kishikio huvuta skrubu za juu kutoka ukutani kwa nguvu ya karibu kilo 80. Hapo mtu ameegemea taratibu. Akianguka, mshtuko huzidi uzito wake.

Kwa hiyo kwenye ukuta imara, kitako chenye matundu matatu kigeuzwe ili mawili yawe juu na moja chini. Mafundi wengi hufunga kinyume, wakidhani tundu moja juu ni la kutundikia.

Reli ya kukunja, ile inayotoka ukutani nyuma ya choo na kusimama hewani pembeni ya mtumiaji, ina hesabu kali zaidi. Ikiwa na urefu wa milimita 750 na bamba lake lina kimo cha milimita 200, kilo 50 tu kwenye ncha huvuta bolti za juu kwa karibu kilo 190. Hiyo haiingii kwenye ukuta wa bodi wala bloku zenye uwazi bila maandalizi makubwa. Inataka zege, au fremu ya chuma inayoshuka hadi sakafuni.

Viwango vile vile vya Marekani vinataka kishikio, skrubu zake na ukuta unaokibeba vihimili pauni 250, takriban kilo 113, za nguvu ya wima au ya mlalo popote itakapowekwa. Uzito unaoandikwa kwenye boksi la kishikio ni wa kishikio kikiwa kimefungwa vizuri. Boksi halijui ukuta wako.

Ukuta una nini ndani

Gonga kwa kifundo cha kidole. Mlio mzito, usiojibu, ni wa zege au tofali. Mlio wa ngoma ni wa bodi au wa kigae kilichoachana na saruji yake. Kigae kilichoachana ukikitoboa hupasuka, na hata kisipopasuka hakina kinachokishika nyuma. Hamia kigae kingine, au king'oe na ukibandike upya kabla ya kuendelea.

Kisha toboa tundu dogo la majaribio mahali ambapo kitako kitalifunika, na usome vumbi. Jekundu ni tofali la kuchoma. La kijivu ni saruji, lakini usifurahi mapema, kwa kuwa lipu pia ni ya kijivu: endelea hadi uvuke milimita 30. Jeupe, laini kama unga, ni jipsamu. Biti ikizama ghafla kama iliyosukumwa, umefika kwenye uwazi wa bloku au nyuma ya bodi. Pima umezama wapi kwa kuingiza waya uliopindwa ncha, kisha uuandike.

Lipu na gundi ya vigae hazibebi kitu. Skrubu inayoishia ndani yake hushika siku ya kwanza na kulegea baadaye. Hesabu urefu wa skrubu namna hii: unene wa kitako milimita 3, kigae 8, gundi 5, lipu 20, kisha 50 ndani ya tofali lenyewe. Jumla ni 86, basi nunua skrubu za milimita 90. Zile zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi ni za milimita 50 au 60. Kwenye ukuta huu zingegusa tofali kwa milimita 20 hivi. Zikiwa fupi, usizitumie hata kama zinang'aa.

Kwenye tofali imara au zege, fisha ya nailoni (kile kifuko kinachotanuka skrubu ikiingia) ya milimita 8 na skrubu ya milimita 6 inatosha, skrubu tatu kila kitako. Fisha isukumwe ivuke kigae na lipu hadi itanukie ndani ya tofali. Ikitanuka ndani ya kigae hukipasua, na mpasuko wenyewe unaweza kutokea siku kadhaa baadaye, fundi akishaondoka.

Bloku zenye uwazi zinasumbua zaidi. Fisha ya kawaida haina pa kutanukia na huzunguka na skrubu. Tiba inayoaminika ni gundi ya kemikali, ile ya bomba lenye pua ya kuchanganyia, pamoja na soksi ya wavu inayoingizwa tunduni ili gundi isimwagike kwenye uwazi. Mikamuo michache ya kwanza itupwe, hadi rangi iwe moja, kwa kuwa mwanzoni sehemu mbili za gundi hazijachanganyika. Katika ukuta usio na uwazi, tundu lisafishwe kwa kupuliza, kusugua kwa brashi na kupuliza tena, na gundi ijazwe kuanzia ndani kuja nje. Vumbi likibaki, gundi hushika vumbi badala ya ukuta, na fimbo ya nati, ile yenye nyuzi inayozamishwa ndani ya gundi, hutoka na koti lake zima la gundi. Subiri muda ulioandikwa kwenye bomba kulingana na joto la siku hiyo; kukaza nati mapema huvunja mshiko ambao haurudi tena.

Kama upande wa pili wa ukuta ni kabati au stoo, kuna njia rahisi zaidi: toboa ukuta wote, pitisha bolti, na upande wa pili weka bamba la chuma lenye washa na nati. Halipendezi macho, lakini ni vigumu kupata mshiko wenye nguvu kuliko huo.

Ukuta wa bodi za jipsamu unabebwa na nguzo za ndani, za mbao au za chuma chembamba, ambazo kwa kawaida hupangwa kila milimita 400 au 600 kutoka katikati hadi katikati. Bodi yenyewe haiwezi kubeba kishikio. Zitafute nguzo kwa sumaku, inayonasa vichwa vya skrubu za bodi, na uhakikishe kwa matundu madogo. Nguzo ya mbao ina upana wa milimita 38 hivi, na kitako cha duara chenye matundu matatu kitapata matundu mawili tu juu yake. La tatu liwekewe nanga ya kufungukia nyuma ya bodi. Skrubu zinazoingia kwenye mbao zizame angalau milimita 40 ndani ya mbao yenyewe. Kama nguzo ziko milimita 400 na kishikio ni cha milimita 600 kati ya vitako, mlalo hautakubali, lakini mshazari utakubali: ncha moja juu ya nyingine kwa milimita 447, pembe ya karibu nyuzi 48. Nguzo za chuma chembamba hazinipi imani hata kidogo. Skrubu hushika milimita isiyotimia ya bati. Hapo fungua ukuta.

Na kama ukuta uko wazi sasa hivi, nyumba inajengwa au bafu linakarabatiwa, usikubali ufungwe bila kuwekewa mbao za kulala kati ya nguzo, au plaiwudi ya milimita 18 nyuma ya bodi, kuanzia milimita 600 hadi 1,000 kutoka sakafuni kuzunguka choo na eneo la kuogea, na juu zaidi pale kishikio cha wima kitakapokaa. Hata kama leo hakuna mgonjwa. Piga picha ukiwa umelaza tepu ya kupimia ukutani, na uihifadhi pamoja na hati za nyumba. Kazi hii huchukua saa chache kabla ya vigae, na siku nyingi baada yake.

Kutoboa kigae bila kukipasua

Kabla ya tundu la kwanza, fikiria kilichofichwa. Mabomba ya maji mara nyingi hupanda na kushuka wima kutoka kwenye koki. Nyaya hufuata mstari wa swichi, taa na hita ya maji. Usitoboe juu wala chini ya vitu hivyo. Zima swichi ya umeme wa bafu kwenye boksi la swichi na utumie drili ya betri, au waya kutoka chumba kingine. Jua pia koki kuu ya maji ilipo, na uhakikishe inafunga. Wengi hugundua kwamba haifungi wakati maji tayari yanaruka.

Shikilia kishikio mahali pake, weka pima maji, na uweke alama tundu moja tu kwa kila kitako. Toboa hayo mawili, ning'iniza kishikio kwa skrubu zisizokazwa, pima tena, ndipo uweke alama zilizobaki. Biti huhama kidogo hata kwa mkono mzoefu, na ukitoboa yote sita kwa pamoja kuna moja litakalokataa. Jitenge na ukingo wa kigae kwa milimita 15 au zaidi.

Kigae cha seramiki hutoboka kwa biti ya kabaidi yenye ncha ya mkuki. Porselini huizima biti hiyo ndani ya dakika moja. Inataka biti ya almasi, ile ya bomba lenye kitobo katikati. Bandika tepu ya karatasi juu ya alama ili biti isiteleze. Biti ya almasi ianze kwa kuinamishwa, ikwaruze mwezi mwandamo kwenye kigae, kisha isimamishwe polepole. Mwendo uwe mdogo, na maji yapatikane muda wote, hata kwa mtu wa pili kukamua sponji. Moshi au harufu ya kuungua ni dalili kwamba biti inakufa. Usiisukume kwa nguvu. Porselini inaweza kuchukua dakika tatu au nne kwa tundu moja na hilo ni la kawaida.

Kugonga kwa drili kuwe kumezimwa hadi uvuke kigae. Hilo ndilo kosa linaloharibu vigae vingi kuliko mengine yote: fundi ameweka drili kwenye kugonga kwa sababu ukuta ni zege, akasahau kwamba kioo cha kigae kiko mbele. Ukishavuka, badilisha biti, weka ya zege, ndipo uwashe kugonga. Mimi hupendelea tundu la kigae liwe la milimita 10 na la tofali milimita 8, ili fisha isiguse kigae kabisa; kitako kitafunika tofauti hiyo. Kwenye bloku zenye uwazi usigonge hata kidogo, kwani kuta zake nyembamba humeguka kwa ndani na tundu huwa pango.

Kina cha tundu kizidi mahali ncha ya skrubu itakapoishia kwa milimita 10, na vumbi litolewe. Fisha ikizunguka, tundu limepanuka. Usijaze vijiti vya kiberiti, karatasi wala vipande vya mfuko. Panda hadi fisha ya milimita 10 na skrubu yake, au tumia gundi ya kemikali. Mbao ya kiberiti huoza kwa unyevu wa bafuni, na mshiko uliouona siku ya kufunga huondoka nayo.

Kufunga na kujaribu

Kila tundu ndani ya eneo la kuogea ni njia ya maji kuingia ukutani. Paka silikoni ndani ya mdomo wa tundu na nyuma ya kitako, juu na pembeni, ukiacha sehemu ndogo wazi chini. Maji yakipenya kwa bahati mbaya yatoke hapo, yasibaki yakioza mbao au kula chuma. Silikoni inayonuka siki huchokoza metali na mawe ya asili. Chagua isiyo na harufu hiyo. Kwenye tundu lenye gundi ya kemikali, silikoni ikae juu ya uso wa kigae tu.

Mizunguko ya mwisho ya skrubu ikazwe kwa bisibisi ya mkono. Drili haijui fisha imekubali lini, na mzunguko mmoja wa ziada huichana kwa ndani. Silikoni iachwe saa 24 kabla ya maji.

Halafu jaribu, na anayejaribu asiwe mgonjwa. Mtu mzito mwenye afya ashike ncha moja kwa mikono miwili, avute taratibu kutoka ukutani hadi aegemee nyuma kwa uzito wake wote, miguu ikiwa imara sakafuni na mtu akiwa nyuma yake. Kisha ncha ya pili, kisha katikati, kisha abonyeze chini. Mwingine aangaze tochi kwenye kitako. Pakifunguka mwanya wowote, hata wa unene wa karatasi, kazi haijaisha: fungua utafute sababu. Kukaza tu kile kilicholegea ni kuficha jibu.

Kuhusu chombo chenyewe, maneno machache yanatosha. Stenlesi ya daraja 304 inafaa bafu nyingi. Karibu na bahari tafuta 316. Skrubu nazo ziwe za stenlesi, maana skrubu ya chuma cha kawaida huota kutu ndani ambapo huoni, na alama ya kwanza ni mchirizi wa kahawia chini ya kitako. Kipenyo cha milimita 32 hadi 35 hukaa vizuri kwenye viganja vingi. Uso uwe na mikwaruzo au mpira, si ule uliong'arishwa kama kioo. Na kama macho ya mtumiaji yamefifia, rangi ipingane na ukuta: kishikio cheupe juu ya kigae cheupe hakionekani kwa anayekihitaji zaidi.

Pasipotoboleka

Vishikio vya kunyonya, vinavyobandikwa kwa vikombe vya mpira, vinauzwa kama mbadala. Hunyonya juu ya uso laini, usiopitisha hewa. Mstari wa saruji kati ya vigae, kigae chenye chembechembe, rangi au sabuni iliyoganda huvujisha hewa kidogo kidogo, na kikombe huachia bila onyo. Kwa mtu anayetaka tu kugusa kitu asipoteze mizani, na anayekikagua kila anapoingia, kinaweza kusaidia. Kwa uzito wa mwili, hapana. Nisingemwekea mzazi wangu.

Palipo nyumba ya kupanga, au ukuta wa kioo, au matofali yanayomomonyoka, kuna njia zisizogusa ukuta. Fremu ya miguu minne inayozunguka choo humpa mtu pa kusukumia pande zote mbili, mradi miguu yake ina mpira na sakafu ni tambarare. Nguzo inayokazwa kati ya sakafu na dari inafaa penye dari ya zege; dari ya bodi itainuka. Reli inayobana ukingo wa hodhi ni ya hodhi za chuma tu, kwa kuwa plastiki hupinda na kupasuka chini yake. Kiti cha kuogea kilicho imara nacho kinaondoa kuinuka na kuketi sakafuni, ambako ndiko kishikio hufanya kazi ngumu zaidi.

Baada ya kufunga

Mtumiaji aoneshwe, mkono wake juu ya kishikio, mara kadhaa bafu likiwa kavu. Aliyezoea miaka yote kushika sinki ataendelea kushika sinki hadi mwili ujifunze upya, hasa usiku anapoamka nusu usingizini. Katika wiki za mwanzo ondoa reli ya taulo iliyo karibu na kishikio, isije ikashikwa kwa makosa. Ndoano ya taulo nyuma ya mlango inatosha.

Kila mwezi inua kifuniko cha kitako, kile kinachoteleza juu ya bomba, kwa sababu kinaficha kila kitu: skrubu iliyotoka, kutu, silikoni iliyochanika. Vuta kwa mikono miwili. Sikiliza pia, kishikio kinacholia kidogo kikishikwa kimeanza kuachia. Usafi ufanywe kwa sabuni ya kawaida na maji. Dawa zenye klorini zikiachwa zikauke juu ya stenlesi huichimba vitobo vidogo. Kikishawahi kumdaka mtu aliyeanguka, kikague siku hiyo hiyo, skrubu moja moja, kabla hajaingia tena kuoga.